MAJIBU YA SERIKALI JUU YA MALIPO YA UZEENI NA MATENGENEZO YA MAJUMBA YA KALE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kawetele, Tukuyu)

Bwana Mwenye Kiti, Mabwana na Mabibi wanachama, na ninyi makarani vijana mlioketi nyuma kwa adabu,

Nimeagizwa na Halmashauri ya Chama niseme juu ya mambo mawili ambayo wanachama wameyauliza mara nyingi kwa barua. La kwanza ni malipo ya mtumishi akiisha kustaafu. La pili ni matengenezo ya majumba ya kale ya Serikali, khasa haya yaliyo katika wilaya yetu ya Rungwe. Labda wengine mtashangaa kwa nini mambo haya yamefungwa katika furushi moja. Nami nilishangaa nilipopewa barua ya kuagizwa, walakini nilipoyatazama kwa makini naliona kuwa yana undugu, na undugu wao nitauonyesha mbele kidogo. Kwa sasa naomba mvumilie hesabu, maana nina hesabu nyingi, na mvua hii ya Tukuyu ikipiga juu ya bati nitalazimika kupaza sauti.

Desturi ya watumishi kuuliza na kungoja majibu si ya jana. Mwaka wa 1922 pale Tanga, Bwana Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Watu wale walikuwa makarani, wakalimani na waalimu, watu wa kalamu kama sisi, nao walijua kwamba mtu akiuliza peke yake hujibiwa kwa mkono, na wakiuliza wengi hujibiwa kwa barua. Katika zama hizo pensheni ilikuwa ni jambo la daraja na la rangi. Mtumishi Mwafrika wa daraja ya chini aliwekewa akiba tu, na sheria ya akiba ya watumishi wa Serikali iliandikwa mwaka wa 1942. Akiba ile iliishi miaka mingi kuliko wale walioitunga: ndiyo iliyokuja kujulikana baadaye kwa jina la GEPF, mpaka mwaka wa 2018 ilipounganishwa pamoja na PSPF, LAPF na PPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka ule.

Sasa tufike kwenye jambo linalowauma watu. Wengi wetu hapa tulikuwa chini ya PSPF, mfuko ulioanza Julai 1999. Kabla ya hapo mtumishi wa pensheni hakuchangia hata senti. Hazina ililipa yote. Kuanzia hapo mtumishi alikatwa 5 katika mia ya mshahara wake na Serikali ikatia 15. Hesabu ya kustaafu ilikuwa hivi: chukua miezi ya utumishi, igawanye kwa 540, zidisha kwa mshahara wa mwaka. Nusu ya jumla hiyo ilizidishwa kwa 15.5, nacho ndicho kiinua mgongo alichopewa mtu kwa mara moja. Nusu ya pili iligawanywa kwa miezi 12 ikawa pensheni yake ya kila mwezi.

Mwaka wa 2018 zilitoka kanuni mpya zilizoshusha kiinua mgongo kuwa 25 katika mia. Watumishi walilalamika nchi nzima, na tarehe 28 Disemba Rais Magufuli akajibu kwa kinywa chake kwamba hesabu za zamani ziendelee mpaka 2023. Jibu lile lilipokewa kwa furaha kubwa, na haki yake lilistahili furaha. Ila wachache tu walitazama kuwa lilikuwa na tarehe ya mwisho ndani yake. Halafu tarehe 1 Julai 2022, kabla mwaka ule haujafika, ikaanza hesabu moja kwa mifuko yote: badala ya 540 ni 580, badala ya 15.5 ni 12.5, na kiinua mgongo ni 33 katika mia. Mshahara unaohesabiwa nao ni wastani wa miaka mitatu iliyo bora. Kisha Juni 2024, Waziri wa Fedha alipokuwa akisoma bajeti, alijibu malalamiko tena: waliokuwa wa 50 katika mia zamani watapewa 40, na waliokuwa wa 25 watapewa 35.

Nichukue karani mmoja wa mfano. Ametumika miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake ni Shs. 1,000,000/- kwa mwezi. Tusiubadilishe mshahara huo, ili tupime hesabu na hesabu.

Kwa hesabu ya zamani ya PSPF angepokea kiinua mgongo cha Shs. 62,000,000/- na pensheni ya Shs. 333,333/- kila mwezi. Kwa hesabu ya 2022 kiinua mgongo ni Shs. 30,724,138/- na pensheni ni Shs. 415,862/-. Kwa 40 katika mia, ikiwa 580 na 12.5 zimekaa mahali pake, kiinua mgongo ni Shs. 37,241,379/- na pensheni ni Shs. 372,414/-.

Jibu la Serikali lilikuwa kwamba kilichopungua mkononi kimeongezeka kila mwezi. Hilo ni kweli, nami sitaki mtu wa Chama hiki aseme kuwa ni uongo. Lakini karani mzuri hutazama safu zote mbili za daftari. Kwa hesabu ya 2022 mtu wetu amepungukiwa Shs. 31,275,862/- siku ya kwanza, naye huongezewa Shs. 82,529/- kwa mwezi. Gawanyeni. Atahitaji miezi 379 ili nyongeza ile ifidie upungufu, nayo ni zaidi ya miaka 31. Akistaafu na miaka 60 atakuwa na umri wa miaka 91 na kupita. Na kwa ile hesabu ya 40 katika mia, ambayo wengi tuliifurahia kwa sababu kiinua mgongo kimepanda, nyongeza ya mwezi ni Shs. 39,080/- tu juu ya ile ya zamani, na muda wa kufidia ni miezi 634, yaani miaka 52 na kupita. Mtu huyo itambidi aishi miaka 112 na kupita.

(Naona Mabibi wa meza ya mbele wanacheka. Chekeni, lakini iandikeni.)

Hata hivyo, insafu yatutaka tuseme upande wa pili. Waliokuwa wakipewa 25 katika mia, na hao walikuwa wengi katika mifuko mingine, wamepanda. Mwenzetu aliyekuwa GEPF au PPF haoni tunayoyaona sisi, na tukienda mbele ya Serikali tukisema "watumishi wote wameumizwa" tutajibiwa kwa hesabu yake yeye, na jibu litakuwa sawa. Kadhalika, hesabu ile nzuri ya zamani ilikuwa na ugonjwa wake: mfuko uliahidi kuliko ulivyopokea. Watumishi waliokuwa kazini kabla ya Julai 1999 walihesabiwa miaka yao yote, na hali miaka ile ya nyuma haikuwa imechangiwa na mtu. Deni hilo lilikuwa la Serikali, nalo lilikaa muda mrefu mno. Wastaafu waliongoja malipo yao wakikopa chumvi kwa jirani hawakuongozwa vibaya na kikokotoo. Walicheleweshwa na deni. Mwishoni mwa mwaka wa 2021 Serikali ilitoa hatifungani maalumu ya thamani ya Shs. trilioni 2.17 kwa mfuko ili kupunguza deni lile. Mimi kwa maoni yangu nalihesabu hilo kuwa ndilo jibu bora kuliko majibu yote niliyoyasoma juu ya jambo hili, ijapokuwa halikupigiwa vigelegele, kwa kuwa lilikuwa na kiasi na lilikuwa na karatasi.

Juu ya wazee ambao hawakuwa watumishi nitasema machache. Nao ni baba zetu na mama zetu walio katika migomba na chai, na swali lao limeulizwa Bungeni mara kwa mara. Zanzibar ilianza kulipa pensheni ya wazee wote waliotimiza miaka 70 mwezi wa Aprili 2016, Shs. 20,000/- kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa kuwa Shs. 50,000/-. Huku Bara tulipata Sera ya Taifa ya Wazee mwaka wa 2003, na tuna TASAF inayosaidia kaya zilizo maskini; lakini TASAF hutazama umaskini wa nyumba, haitazami umri wa mtu. Aliyeuliza juu ya pensheni ya wazee akajibiwa juu ya TASAF, hajajibiwa. Likumbukeni hilo mkisoma majibu.

Sasa niingie kwenye majumba.

Mji wetu huu wa Tukuyu ulianza kama kituo cha Wadachi. Kituo chao cha kwanza, Langenburg, kilikuwa chini ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 wakapanda huku juu penye baridi, wakapaita Langenburg Mpya. Wakajenga boma. Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey likaitwaa, na utawala mwingine ukaketi katika kuta zile zile. Tena Masoko, kando ya ziwa lile la volkano, kulikuwa na kambi ya kompania ya tano ya askari wa Kidachi, na jengo lake likaja kutumika kuwa mahakama. Zaidi ya hayo kuna majengo ya misheni ya Moravian pale Rungwe, waliofika mwaka wa 1891. Hayo ni mali ya kanisa, walakini ni sehemu ya historia ile ile.

Wanachama waliuliza: Je, majumba haya ya Serikali yanalindwa na sheria? Wakajibiwa kwa jumla kwamba majengo ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijatimia. Katika sheria hiyo jengo hulindwa kwa umri wake peke yake ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka wa 1863. Mwaka wa 1863 Mdachi hakuwa amejenga hata kibanda katika nchi yetu. Basi maboma ya Wadachi hayamo katika mlango huo, hata yawe yamechoka namna gani. Mlango wao ni mwingine: Waziri ayatangaze katika Gazeti la Serikali. Kwa hiyo mwanachama atakayeandika tena asiulize, "Je, boma letu linalindwa?" Aulize, "Ni tangazo la nambari gani, na la tarehe gani, lililoweka boma la Tukuyu na jengo la Masoko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale?" Swali la namna hiyo halijibiki kwa maneno ya jumla. Ama nambari itapatikana, ama itajulikana kuwa haipo, na kama haipo tuombe itiwe.

Wengine husema, na mwenzangu mmoja ameniambia hivyo njiani tukija: majumba haya ni ya watesi wetu, yaache yaanguke. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Kuta zile zimetumikiwa na Waafrika miaka mingi kuliko zilivyotumikiwa na Wadachi. Mdachi aliketi humo kama miaka 15 tu. Waliobeba mawe walikuwa babu zetu. Waliohesabu kodi, walioandika hati za ndoa na kesi za ng'ombe, walikuwa makarani wa aina yetu. Tena kule Mikindani boma la 1895 lilitengenezwa likawa hoteli, na pale Iringa, jirani zetu, boma la Wadachi lilifunguliwa mwaka wa 2016 kuwa makumbusho. Watu wa pande hizo hawakuwa wapole zaidi yetu kwa Mdachi. Iringa ni nchi ya Mkwawa.

Na jengo lisipotengenezwa huua. Beit-al-Ajaib ya Zanzibar, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka wa 1883, ilikuwa katikati ya mji uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2000. Dunia nzima iliitazama. Sehemu ya baraza zake iliporomoka mwaka wa 2012. Tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiwa yamekwisha anza, upande mzima ukaanguka na watu wawili wakafa. Ikiwa jumba lenye fedha za wafadhili na macho ya mataifa lilipatwa na hayo, jengo la wilaya lisilo na fungu lake katika makadirio lingoje nini?

Juu ya namna ya kutengeneza nina neno moja la ufundi, kwa ajili ya wenzetu mlio katika idara ya ujenzi. Kuta za kale zilizojengwa kwa udongo au chokaa hupumua. Maji ya mvua huingia, kisha hutoka jua likiwaka. Fundi wa leo huona ufa akaujaza saruji, kisha akapiga lipu ya saruji ukuta mzima, akapaka rangi ya mafuta, na mkubwa akija kukagua hufurahi. Nyuma ya lipu hiyo maji yamefungwa. Hayana pa kutokea, nayo hula ukuta kwa ndani. Katika nchi kavu madhara hayo hukawia. Hapa kwetu, ambapo mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, hayakawii. Chokaa ndiyo dawa yake, pamoja na paa lisilovuja na mifereji iliyosafishwa. Mfereji wa paa ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini sijaona bado mkubwa aliyealikwa kufungua mfereji wa paa.

Sasa undugu nilioahidi. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja wala wilaya yake sitaitaja, aliingia kazini mwaka wa 1988 na kustaafu mwaka wa 2023. Alipopeleka karatasi zake aliambiwa kuwa miezi 24 ya mwanzo haionekani. Barua yake ya kuajiriwa ilikuwa katika jalada, na jalada lilikuwa katika ghala la masijala, na ghala lilikuwa chumba cha nyuma cha jengo la kale ambalo paa lake lilikuwa limetoboka. Tulikwenda pamoja naye kutafuta. Majalada ya miaka ile tuliyakuta yameshikana kama mkate uliolowa. Ukifunua ukurasa, unabaki na unga mkononi. Karani wa masijala pale alikuwa kijana mwenye huruma, alitusaidia siku nzima, na mwisho wake alikuwa hana la kutupa. Mke wa mwenzetu alikuwa ameweka barua ya kuthibitishwa kazini ndani ya sanduku la bati, imefungwa katika kanga. Barua hiyo ilikuwa ya mwaka wa 1990. Ilimwokolea miaka 33. Miaka miwili ya kwanza haikuokolewa.

Mnataka kujua thamani yake? Kwa mshahara wa mfano wetu, kila mwezi uliopotea hupunguza Shs. 20,690/- katika jumla ya pensheni ya mwaka kabla haijagawanywa. Miezi 24 ni Shs. 496,552/- katika jumla hiyo ya mwaka. Bati za kuziba paa lile zisingefika nusu ya fedha hizo, na yeye hakuwa peke yake katika ghala.

Kwa sababu hiyo nasema ya kwamba barua ya kuomba matengenezo ya jengo la kale si barua ya anasa, wala si ya watalii. Katika majengo hayo ndimo zilimo karatasi za utumishi wetu. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 imewapa wakuu wa afisi wajibu wa kuzitunza. Nyaraka za Wadachi wenyewe, zilizoko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, zilitiwa mwaka wa 1997 katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Itakuwa ajabu karatasi ya Mdachi wa 1905 iwe salama, na ya karani wa Rungwe wa 1988 iwe imeliwa na mchwa.

Namalizia na njia ya kuuliza. Jibu la "jambo hili linashughulikiwa" hatuwezi kulikataza, maana sisi wenyewe ndio tunaoliandika siku nyingine kwa mikono yetu wenyewe, tukiwa tumeletewa jalada saa tisa na robo. Lakini Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka afisi ya umma kumjibu mwombaji ndani ya siku 30. Basi kila barua ya Chama itaje sheria hiyo, itaje tarehe, iombe kitu kinachohesabika. Na nakala ibaki nyumbani, isibaki afisini.

Bwana Mwenye Kiti, kwa idhini yako naleta mbele ya mkutano maombi matatu yapigiwe kura. Kwanza, Chama kiandike kwa mfuko kuomba kila mwanachama apewe hesabu ya miezi yake iliyoandikwa sasa, akiwa bado kazini, asingoje kuitwa mzee. Pili, Chama kiandike kwa Halmashauri ya Wilaya na kwa Wizara kuuliza nambari ya tangazo la boma na la Masoko, na kiasi cha fedha za paa kilichomo katika makadirio ya mwaka huu. Tatu, wanachama watano wachaguliwe leo, waombe ruhusa ya kuingia katika maghala ya masijala na kuandika orodha ya majalada yanayolowa, kabla ya masika. Karatasi za kujiandikisha ziko mezani kwa Karani wa Chama, karibu na mlango. Mwenye barua ya kuajiriwa ya kabla ya 1999 na ailete Jumamosi. Tumepata mashine ya kunakili, na wino umelipiwa.